Amehamia Chuo Kikuu, Sasa Ataka Kubadili Somo

Simu ya mpwa wangu ililia nikiwa nimetoka msikitini kuswali Alfajiri, hata kanzu sijaivua. Hapa kwetu Kibokoni ilikuwa yakaribia saa kumi na mbili za asubuhi. Kwake yeye, huko California, ilikuwa bado ni jana, magharibi imekwisha kuingia, maana majira ya baridi wale wako nyuma yetu kwa saa 11.

Kijana akimpigia mjomba wake simu kabla ya kumpigia baba yake, mjomba na ajue kuna jambo. Tukaamkiana, akaniuliza hali za nyumbani mmoja mmoja mpaka paka, kisha akanyamaza. Nikamwambia, "Haya, sema. Mama yako hayuko hapa."

"Mjomba," akasema, "nataka kuacha kompyuta."

Wasomaji wenye watoto ughaibuni wataelewa nilivyojisikia. Kijana huyu aliondoka Mombasa kwa kiwanja cha baba yake kilichouzwa Kisauni, bangili mbili za dhahabu za mama yake, na upatu wa wanawake wa mtaa mzima. Alisoma miaka miwili katika chuo kidogo, akapata shahada ya awali, akahamia chuo kikuu. Muhula wa kwanza ndio unakwisha. Baba yake, ambaye ni mstaafu wa bandari, ameshawaambia watu wote wa barazani kwamba mwanawe ni mtaalamu wa kompyuta. Na sasa mtoto asema ataka kusoma jiolojia, elimu ya miamba na maji yaliyo chini ya ardhi.

Nikamwambia asimwambie mtu yeyote kwa siku 10. Katika siku hizo nikamtaka aniletee maelezo yote: amesoma nini, amebakisha nini, na kubadili kutagharimu kiasi gani. Niliyojifunza katika siku hizo ndiyo nataka kuyaeleza leo, kwa kuwa najua si nyumba yetu peke yake iliyofikwa na jambo hili.

CHUO KIDOGO NI CHUO GANI?

Huko Marekani kuna vyuo viitwavyo vyuo vya jamii. Cha kwanza kinachohesabiwa ni kile cha Joliet, katika jimbo la Illinois, kilichoanza mwaka 1901. Leo viko kama 1,000. Mtu husoma hapo miaka miwili, ada ni nafuu kuliko ya chuo kikuu, na mlango uko wazi hata kwa yule ambaye alama zake za sekondari hazikuwa za kujivunia. Akimaliza anaweza kuingia kazini, au akahamia chuo kikuu kumalizia miaka miwili ya mwisho.

California ndiyo iliyoujenga mfumo huu kwa upana, tangu Mpango Mkuu wa Elimu ya Juu wa mwaka 1960. Huko, tangu 2012, mkazi wa jimbo amelipa dola 46 kwa kila krediti katika chuo cha jamii. Mgeni kama mpwa wangu hulipa mara kadhaa ya hiyo, lakini hata hivyo humpungukia akilinganisha na chuo kikuu. Ndiyo maana wazazi wengi wa kwetu huanzia hapo.

Neno krediti litarudi mara nyingi, kwa hivyo tulieleze. Somo moja kwa muhula mmoja huwa na krediti tatu, nne au tano, kwa kadiri ya saa za darasani. Shahada ya kwanza kwa kawaida hutaka krediti 120. Nusu yake, yaani 60, ndiyo kazi ya chuo cha jamii.

Sasa angalia penye mtego. Mwanafunzi aliyeingia chuo kikuu moja kwa moja hupewa nafasi ya kuonja. Mwaka wa kwanza asoma hiki, mwaka wa pili asoma kile, kisha aamua somo lake kuu. Yule wa chuo cha jamii hana nafasi hiyo. Ili krediti zake 60 zikubaliwe aendako, yampasa achague somo kuu karibu siku ya kwanza, apange masomo yake kulingana na orodha ya chuo kikuu ambacho hata hajakiona. Yaani yule mwenye mali kidogo na uzoefu kidogo ndiye anayetakiwa kuamua mapema zaidi. Kisha tunashangaa akifika chuo kikuu na kugundua kwamba alichochagua akiwa na miaka 18 sicho!

Wala si yeye pekee. Uchunguzi wa serikali ya Marekani uliotolewa mwaka 2017 ulionyesha kwamba miongoni mwa waliokuwa wakisomea shahada ya kwanza, kama thuluthi moja walikuwa wamebadili somo kuu angalau mara moja katika miaka mitatu. Kwa hivyo mzazi asidhani mwanawe amepagawa au amerogwa. Tofauti ni kwamba aliyehamia hubadili akiwa amechelewa, na kuchelewa huko kuna bei.

KISIMA CHA BABU

Nilimuuliza kijana: kwa nini miamba? Umefeli kompyuta?

Akanitumia matokeo yake. Hakufeli. Yalikuwa mazuri ya wastani, ya mtu anayetimiza wajibu.

Ilivyokuwa ni hivi. Vyuo vikuu vya jimbo la California humtaka kila mwanafunzi, hata aliyehamia, asome masomo kadhaa ya elimu ya jumla ya ngazi ya juu, nje ya somo lake kuu. Yeye akachagua moja kuhusu ardhi na maji kwa sababu lilikuwa na nafasi siku ya Jumanne. Siku moja mwalimu akaeleza habari za visima vya pwani: kwamba maji matamu huwa yameelea juu ya maji ya chumvi chini ya ardhi, kwa kuwa ni mepesi, na watu wakiyavuta kupita kiasi chumvi hupanda na kisima huharibika.

Kijana akakumbuka nyumbani. Nyumbani kwa babu yake upande wa mama, Lamu, watu wajua kwamba maji ya mji hutoka katika vilima vya mchanga vya Shela, na kwamba anayejenga juu ya vilima vile huchezea maji ya kunywa ya watu wote. Na nyumbani kwa baba yake hapa Mombasa kuna kisima uani ambacho bibi yake alikuwa akinywa, na leo hakifai ila kuoshea sakafu. Mombasa yategemea maji yatokayo mbali, Mzima, Baricho, Marere na Tiwi, na kila mtu ajua siku mifereji ikikauka inavyokuwa, mikokoteni ya madumu ikipita vichochoroni.

"Mjomba," aliniambia, "miaka yote ile nimeteka maji ya chumvi na sikujua kwamba kuna watu kazi yao ni kujua kwa nini."

Nilikaa kimya, maana hoja hiyo haikuwa ya mtu mvivu. Lakini hoja nzuri hailipi ada. Nikamwambia sasa tuhesabu.

MALI BILA DAFTARI

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Krediti ni mali. Ripoti ya wakaguzi wa serikali ya Marekani ya mwaka 2017 ilikadiria kwamba wanafunzi waliohama kutoka chuo kimoja hadi kingine kati ya 2004 na 2009 walipoteza kwa wastani asilimia 43 ya krediti zao. Hizo ni saa za darasani zilizolipiwa kwa fedha taslimu, na hazikuhesabiwa.

Mpwa wangu alihamia na krediti 66, zote zikakubaliwa. Muhula wa kwanza akaongeza 15, jumla 81. Ili afike 120 katika kompyuta zilibaki 39, yaani mihula mitatu. Tukaandika hayo upande mmoja wa karatasi.

Upande wa pili tukaandika jiolojia. Hapa nikajifunza jambo ambalo sikulijua. Masomo ya zamani hayatupwi yote mtu akibadili. Hisabati ya kalkulasi aliyosoma kwa ajili ya kompyuta ilitakiwa pia na jiolojia. Fizikia vivyo hivyo. Masomo ya elimu ya jumla hayakuguswa. Yale ya kompyuta yenyewe yakawa masomo ya hiari, yaani yanahesabiwa katika 120 lakini hayajazi sharti lolote la somo jipya. Alizokosa ni kemia mbili, krediti 10, jiolojia ya utangulizi, krediti nne, na masomo ya ngazi ya juu ya krediti 36. Jumla 50.

Nikatoa 39 katika 50 nikapata 11. Nikafurahi. Krediti 11 tu! Nikamwambia hiyo ni kazi ya muhula mmoja.

"La, mjomba," akanijibu. "Masomo haya hufuatana kama vipandio vya ngazi. Bila utangulizi huruhusiwi kusoma madini. Bila madini huruhusiwi kusoma miamba. Bila miamba huendi kambi ya nyikani. Mshauri wa masomo amenipa mpango wa mihula mitano."

Hapo ndipo wazazi wengi hupotea, na mimi nilikuwa nimepotea. Idadi ya krediti siyo inayokula miaka; kinachokula miaka ni mpangilio wake. Na ubaya juu ya ubaya: krediti 50 kwa mihula mitano ni 10 kila muhula, na mwanafunzi mgeni hulazimika kusoma angalau 12 ili viza yake isiharibike. Kwa hivyo angelipia masomo asiyoyahitaji ili tu kujaza idadi, huku akingojea kipandio kinachofuata.

Nikamwambia arudi kwa mshauri, na safari hii asiulize "yawezekana?" bali aulize "ni njia gani fupi kuliko zote?" Kuuliza si ujinga. Alirudi mara tatu. Mara ya tatu alikwenda kwa mwalimu mkuu wa idara yenyewe, akiwa na karatasi yake mkononi. Ikapatikana njia: asome kemia moja wakati wa kiangazi katika chuo chake cha zamani cha jamii, ambako ni rahisi, na idara imruhusu kusoma masomo mawili kwa pamoja ambayo kwa kawaida hufuatana. Mihula mitano ikawa minne na kiangazi kimoja.

Lakini hata hapo pana kikomo. Vyuo vikuu hivyo vya jimbo hupokea krediti zisizozidi 70 kutoka chuo cha jamii. Yeye alikuwa nazo 66; kemia ni tano; jumla 71. Krediti moja ikamwagika. Sharti la kemia lilikuwa limetimia, ila krediti ile moja haikuingia katika 120. Tulicheka, lakini laiti angechukua masomo matatu kiangazi kile bila kuuliza, kicheko kingekuwa kilio.

Na palipobaki pa kujaza ili afikishe 12, akachagua somo la kuchora ramani kwa kompyuta. Wanaotafuta maji siku hizi hawaendi na fimbo peke yake. Miaka ile miwili ya kompyuta ikapata kazi.

MILANGO ILIYOFUNGWA

Hapana budi niseme kwamba kijana huyu alikuwa na bahati ya upande anaokwenda. Alikuwa akitoka chumba kilichojaa kwenda chumba chenye nafasi. Safari ya kinyume ni ngumu. Masomo kama kompyuta, uhandisi na uuguzi katika vyuo vikuu vingi vya California yamejaa mno, na baadhi ya vyuo hayamruhusu kabisa aliyehamia kwa somo jingine kuyaingia baadaye. Kuna wanaodhani wataingia kwa mlango wa somo jepesi kisha wahamie ndani kwa ndani. Wengi wamebaki ukumbini.

Kuna pia sheria ya California ya mwaka 2010 inayompa aliyemaliza shahada maalumu ya kuhamia ahadi kwamba atamaliza chuo kikuu kwa krediti 60 nyingine. Ahadi hiyo ni nzuri, lakini imefungwa na somo lile lile au linalofanana nalo. Ukibadili, ahadi umeiacha nyuma.

La tatu ni viza. Mwanafunzi mgeni ana hati iitwayo I-20, na juu yake limeandikwa somo lake na tarehe ya kumaliza. Akibadili somo, ofisi ya wanafunzi wa kigeni lazima iirekebishe. Akihitaji muda zaidi, lazima aombe kabla tarehe haijapita. Kwa kanuni iliyotumika miaka mingi, kubadili somo kuu ni miongoni mwa sababu zinazokubaliwa. Kuzembea mpaka ukawekwa katika majaribio ya kufukuzwa si sababu. Na mnamo Agosti 2025 serikali ya Marekani ilipendekeza kuyabana mambo haya zaidi, kwa hivyo kijana asitegemee aliyoambiwa na rafiki aliyesoma huko miaka mitano iliyopita. Aende ofisini, aulize, apewe jibu kwa maandishi.

La nne ni fedha. Mikopo ya serikali ya Marekani haitolewi kwa wanafunzi wa viza. Ya mabenki hutaka mdhamini wa huko, na ni ya riba. Kwetu sisi mlango huo haufai kuguswa hata kama uko wazi. Kwa hivyo muhula mmoja wa ziada ni muhula wa mfuko wa baba, pamoja na saa 20 kwa wiki za kazi ndani ya chuo ambazo sheria inamruhusu kijana wakati wa masomo.

BAADA YA ISHA

Siku ya 10 tulikutana nyumbani kwa shemeji yangu baada ya Isha. Dada yangu alikuwa ameandaa kahawa na halwa, alikuwa ameshanusa. Kijana akawekwa kwenye simu katikati ya meza, akaeleza yeye mwenyewe. Nilikataa kumsemea.

Shemeji alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Nimeuza kiwanja ili usome kompyuta. Watu n'tawaambia nini?"

Pakawa kimya. Dada yangu ndiye aliyejibu: "Uliuza kiwanja ili asome. Kompyuta mwaliiongeza nyinyi barazani."

Mzee mmoja jirani, ambaye alikuwa amealikwa kwa ajili ya busara yake, akatukumbusha habari za marehemu Profesa Ali Mazrui. Wazee wa mji huu wamjua tangu kijana. Baba yake, Sheikh Al-Amin Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu, alitamani mwanawe aende Al-Azhar akasomee dini. Sheikh akafariki mwaka 1947. Kijana akafanya mtihani wa Cambridge, akapata daraja ya tatu, ambayo haikumfikisha chuo kikuu. Akawa karani pale MIOME, chuo cha ufundi cha Waislamu kilichofungua milango mwaka 1951, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Mwaka 1955 akapelekwa Huddersfield, Uingereza, katika chuo kisicho kikuu, akakamilishe masomo ya sekondari. Kutoka hapo akahamia Manchester, akapata shahada mwaka 1960, kisha Columbia, kisha Oxford. Akaja kuwa mwanazuoni wa siasa ambaye dunia nzima ilimsikiliza, na mambo ya Uislamu hakuacha kuyaandika mpaka alipofariki mwaka 2014.

"Hakwenda njia aliyochorewa na baba yake," mzee akasema. "Lakini kuna mtu hapa atakayesema alimwaibisha baba yake?"

Shemeji hakujibu. Aliomba aletewe ile karatasi yenye pande mbili, akavaa miwani, akaisoma mstari kwa mstari kama alivyokuwa akisoma hati za shehena bandarini. Akauliza kuhusu krediti ile moja iliyomwagika. Akauliza kama kazi ya maji ina mshahara. Akauliza ni nani aliyetia saini mpango ule. Kijana akajibu yote, na hapo nikaona uso wa baba ukilegea. Naamini kilichomtuliza si miamba wala maji, bali kumwona mwanawe anajua hesabu yake.

Akatoa masharti matatu. La kwanza, kijana aswali istikhara, asiwe anafuata upepo. La pili, akibadili asibadili tena: maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. La tatu, kila mwisho wa muhula atume karatasi kama ile, akionyesha alichomaliza na alichobakisha.

Kwa wazazi wenzangu nina neno moja. Mtoto akija na habari kama hizi, tusianze na "hapana" wala "sawa". Tuanze na "nionyeshe hesabu." Asiye na hesabu amechoka tu, na dawa ya uchovu ni mapumziko. Aliye nayo, aliyekwenda kwa mshauri mara tatu na akarudi na mpango uliotiwa saini, huyo ameshaanza kuwa mtu mzima. Na ninyi vijana mlio katika vyuo vya jamii hivi sasa, onjeni mapema. Chukueni lile somo la Jumanne katika muhula wenu wa kwanza, kabla hamjahama, wakati kosa bado lina bei ndogo. Kupotea njia ndiko kujua njia, lakini anayepotea karibu na nyumbani hurudi mapema.

Usiku ule, kabla simu haijakatwa, shemeji aliinama karibu nayo akauliza kwa sauti ya chini, kana kwamba hataki sisi tusikie:

"Na kile kisima chetu cha uani, kinaweza kutengenea?"

"Sijui bado, baba," kijana akajibu. "Hilo ni somo la mwaka wa mwisho."

"Basi usilikose," akasema baba yake.